Damu Yangu kwa Jina Lako

Woodley, Nairobi
8 Machi 2005

Mdogo wangu Lornah,

Salamu zangu zikukute huko Kitale ukiwa mzima, wewe na mwanao Valarie. Sisi hatujambo. Shemeji yako Hezekiah anakusalimu. Tangu wamfanye mkuu wa mashemasi anatembea kama mtu aliyemeza rula, na suti ni ile ile moja ninayoipanua kila Krismasi. Mvua haijaonyesha dalili, na maji ya mfereji yanakuja yakipenda.

Unauliza kwa nini sikupigii na simu ninayo. Umeanza kusahau sheria ya Mama? Simu ni ya kuzaliwa na kufa. Mengine yaandikwe, mtu ayasome akiwa ameketi. Hata mume wangu huyu nilimwambia hivyo kabla hajanioa, akakubali.

Kibanda changu cha ushonaji pale nyuma ya Adams Arcade kinaenda. Nina sare za kwaya mbili za Pasaka. Shida yangu ni sindano za siku hizi tu. Sijui anayezitengeneza ana nini na sisi, tundu ni dogo mpaka uzi unakataa. Nimemgombeza muuzaji, akaniapia ni zile zile za miaka yote. Mwongo mkubwa.

Sasa nikupe habari yenyewe, na uketi vizuri. Jumanne iliyopita nilikuwa kliniki yetu ya sukari kule mjini. Unaijua kazi ya pale: benchi ndefu, tone la damu kidoleni, Sista Syokau anasoma namba kwa sauti mpaka walio nje ya lango wanasikia. Ukiwa juu unasemwa mbele ya watu. Ukiwa chini ya saba unapigiwa makofi na benchi nzima. Basi nikatoa kidole. Sista akatangaza, "Caren, six point one! Mpigieni huyu mama makofi ya kilo!" Wakapiga, Lornah. Nikasimama nikainama kidogo kama bibi harusi.

Na wewe Januari uliniandikia ulipata ngapi? Saba nukta tisa! Kampuni inakulipia, unapimwa hospitali ya pesa huku Parklands kwenye viti vya ngozi, na mimi wa benchi ya mbao nimekuacha mbali. Mama angekuwepo angecheka mpaka akohoe.

Kuna jambo moja limenishtua, nalo ni la Mzee Zedekiah, fundi wa viatu anayeketi karibu nami kliniki. Yeye ndiye bingwa wetu. Siku hiyo alipata tano nukta nne, akainua kofia kwa makofi. Ijumaa ya wiki ile ile akaanguka akiwa kazini, na hospitalini mashine ikashindwa kuisoma sukari yake, ilikuwa juu kupita namba. Wanasema ilipanda ghafla. Siku tatu tu! Sijaelewa mpaka leo. Ugonjwa huu hauna adabu.

Nisalimie Valarie, mwambie nina kitambaa chake.

Dada yako,
Caren


Kitale
2 Aprili 2005

Dada Caren,

Hujambo wewe na shemeji yangu mkuu wa mashemasi? Huku mvua imeanza, na kila mtu mjini ana mbegu mfukoni, hata karani wa benki. Pampu zetu za maji hazinunuliwi mvua ikinyesha, kwa hiyo ofisini tunaangaliana tu. Valarie amekuwa mrefu kuliko mimi na anajua hivyo. Anasema kitambaa kisiwe cha maua.

Nilikuja Nairobi wiki jana kwa kipimo changu, nikarudi siku ile ile kwa basi la mchana, usininunie. Nimepata saba nukta sita. Daktari Ndegwa alinisema kwa upole, na ule upole wake unaniumiza kuliko kelele. Basi nimekubali, umenishinda. Nimeona haya kweli. Mimi nina mtu wa kuniambia nile nini, nina dawa kila mwezi bila kukosa, na wewe unayezikosa dawa kila zikiisha pale kliniki uko sita. Nifundishe, dada. Sitanii. Ninapomkumbuka Mama kwenye kile kiti cha magurudumu, na blanketi likiwa limelala bapa mahali mguu ulipokuwa, usingizi unanipotea. Sitaki kwenda njia ile.

Halafu niulize kitu, usinikasirikie. Kwa nini mwandiko wako umekuwa mkubwa? Barua ya Krismasi ilitosha ukurasa mmoja. Hii ya Machi ni kurasa tatu, na mistari inapanda kama inakwenda vilima vya Ngong. Macho yako yako sawa?

Mdogo wako anayekupenda,
Lornah


Woodley
19 Mei 2005

Lornah,

Hatujambo. Barua yako ilifika mapema, mimi ndiye nilichelewa, kazi ilikuwa nyingi. Pasaka kwaya zote mbili zilipendeza, ingawa mama mmoja wa sauti ya kwanza alilalamika kwamba pindo lake limekwenda upande. Yeye mwenyewe amekwenda upande, nimshonee nini?

Mwandiko ni kalamu. Nimenunua kalamu nene. Wewe unaandika kwenye karatasi ya kampuni yenye kichwa cha herufi zilizoinuka, unaweza kuzipapasa kwa kidole kama upele, na bado hujaridhika, unataka kukagua karatasi yangu mimi.

Umeniomba nikufundishe, na kwa kuwa umeomba vizuri nitakupa siri ya benchi. Sisi tunaita kufagia. Mgeni akija nyumbani si unafagia? Basi kliniki ikiwa Jumanne, mimi kuanzia Jumamosi jioni siguswi na ugali, wala chapati, wala chai yenye sukari. Ni mboga za managu na maji ya moto. Na vidonge nilivyovikalia wiki hizo nyingine, maana vikitolewa vichache lazima uvipange, hizo siku mbili navimeza maradufu. Jumanne naamka nikitetemeka kidogo, miguu myepesi, lakini damu imefagiwa imeng'aa. Nilianza mimi, na sasa kila mgeni anayeletwa benchi yetu namfundisha kabla hajaitwa, asije akaaibishwa mbele ya watu. Hata Mzee Zedekiah nilimfundisha mimi.

Amerudi nyumbani, lakini wamemkata mguu, wa kulia, chini ya goti. Nilimpelekea uji. Anasema haelewi, maana alikuwa na namba nzuri kushinda sisi sote. Nikamkorogea uji.

Jaribu kufagia, utaona hiyo saba yako inavyoshuka.

Caren


Kitale
11 Juni 2005

Dada yangu,

Sisi wazima, na mahindi yamefika magotini. Nimeisoma barua yako mara nyingi na sijui nianzie wapi, kwa hiyo naanza tu.

Nilimpigia Daktari Ndegwa kupanga miadi ya Julai, nikamwuliza kwa mzaha kama naweza kufagia siku mbili kabla. Hakucheka. Aliniambia kwamba kipimo changu na chako si kimoja. Mimi na wewe, mwaka mzima, tumekuwa tukilinganisha kanzu na viatu! Chako kinaona asubuhi hiyo moja tu. Changu kinaangalia sukari iliyojishika kwenye damu, nayo hukaa humo kama miezi mitatu. Hakifagiwi. Ukila keki ya harusi Mei, Julai kinaiona. Mimi napimwa hivyo kila baada ya miezi mitatu na sikuwahi kuuliza ni cha nini. Nikamwuliza mbona kliniki ya dada yangu haikifanyi. Akasema, "Ni bei, Lornah. Kliniki nyingi hazina. Watu wanatibiwa kwa kubahatisha." Alisema vivi hivi, kama mtu anayekuambia basi limejaa.

Dada, miguu kuwa myepesi na kutetemeka si kung'aa kwa damu. Nakuomba uache.

Sasa sikiliza. Julai siwezi kuja, tunahesabu bidhaa ghalani na bosi amekataa kata kata. Miadi iko tarehe 18 saa tatu, na Daktari Ndegwa atakuwa likizoni, ni manesi tu watakaokuwepo, hakuna anayenijua sura. Nimekufungia kadi yangu ya bima humu. Nenda wewe. Jiite mimi. Najua si halali, bima yangu haiwezi kumbeba dada, inabeba mume na watoto tu, nami mume sina. Wangeniruhusu nikuandike wewe kwenye nafasi ya mume ningekuandika kitambo.

Kula kama unavyokula siku zote. Tuone ukweli mara moja tu, tutulie.

Lornah


Woodley
20 Julai 2005

Mpendwa Lornah, au nijiite mimi Lornah, sijui tena,

Salamu kutoka kwa shemeji yako, ambaye hajui nilikokwenda juzi na asijue. Shemasi mwenye siri kama hiyo atashindwa kutoa sadaka.

Nimekwenda. Nilivaa ile suti ya kijani niliyoshonea harusi ya binamu yetu Debra, na viatu vyako ulivyoacha hapa. Nimefika Parklands nikakuta magari yamepangwa utadhani ni mazishi ya waziri. Ndani kimya. Lornah, hakuna benchi! Kila mtu ana kiti chake, na kiti kina mikono. Msichana akanijia, mimi nikajua nafukuzwa, kumbe anasema, "Madam Lornah? Karibu sana. Utachukua chai ama maji?" Nikasema chai. "Na sukari?" Nikamwambia mbili. Akaniangalia vile. Nikakumbuka nilipo, tukacheka wote wawili.

Damu walichukua mkononi, chupa kadhaa, sikusikia hata uchungu. Nikasubiri itangazwe. Nikamwuliza nesi, "Sasa, ni ngapi?" Akasema, "Hapana madam, results zinaenda kwa daktari. Hatuwezi kusoma hapa mbele ya watu, ni private yako." Private yangu! Na mimi miaka minne nimetangazwa kama bei ya nyanya.

Halafu akaniambia nivue viatu. Nikashtuka, nikamwuliza kwani nimekanyaga nini. Akapiga magoti, Lornah, huyo msichana wa watu na gauni lake jeupe, akashika miguu yangu, moja moja, akapita kwa kidole katikati ya kila kidole, akanigusa kwa kitu kama unywele wa plastiki akiniuliza nasikia hapa, nasikia hapa. Sehemu nyingine nilisema nasikia. Miaka minne kliniki hakuna aliyewahi kuniambia vua viatu. Hakuna hata aliyetazama chini. Nilimfikiria Mama. Nilimfikiria Mzee Zedekiah. Nikalia pale pale mbele yake, akadhani ameniumiza.

Kulikuwa pia na ubao wa herufi ukutani. Huo sikuupenda. Nilisema miwani nimeiacha nyumbani.

Sina hasira na wewe, usidhani. Ni vile tu nilikuwa najua hospitali za pesa zina viti vizuri. Sikujua zina dawa nyingine kabisa na macho mengine ya kutazama. Nilidhani tofauti ni chai.

Kadi yako imo humu. Nitakuwa na sita yangu, utaona.

Caren


Kitale
24 Julai 2005

Dada Caren,

Sina salamu leo, nisamehe.

Jumamosi nilikuwa sokoni nachagua viazi, simu ikalia, ni Daktari Ndegwa. Sikumbuki kama alinisalimu. "Lornah, uko wapi saa hii? Uko na nani?" Nikasema niko sokoni, nitaendesha gari la ofisi nirudi. "Usiendeshe. Keti mahali. Uko peke yako?" Nikaketi juu ya gunia la mtu. Akasema majibu yangu ni kumi na tatu nukta mbili. Alisema alidhani maabara wamekosea, akawarudisha wapime tena, yakatoka hivyo hivyo. Akasema figo zimeanza kuvuja. Akasema, "Na kwa ubao hukuweza kusoma hata herufi ya kwanza na jicho la kushoto. Imekuwa hivi tangu lini? Mbona Machi hukuniambia?"

Nami nimeketi pale juu ya gunia, nikiona kila kiazi sokoni kwa macho yangu mawili.

Akasema nije Jumatatu. Ameshaongea na daktari wa macho, kitanda kipo, sindano za insulini zitaanza siku hiyo hiyo. Jumatatu, dada! Kila kitu tayari, kwa ajili ya mtu ambaye si mgonjwa.

Nilikupigia mara tano hukuchukua. Nikampigia Hezekiah. Nikamwuliza macho ya Caren yana nini. Akasema, "Kwani hajakuambia? Mimi ndiye namtungia uzi. Kila asubuhi kabla niende kazi natunga sindano ishirini nazichoma kwa kamto kake ka kushonea. Zikiisha kabla ya jioni, anafunga kibanda."

Wewe uliniandikia kuhusu tundu la sindano, mimi nikacheka nikiwa hapa. Kalamu nene, mistari inayopanda, nami nikakuuliza mara moja, ukanijibu kwa kiburi, nikaridhika. Nimejikasirikia na nimekukasirikia wewe pia, niseme ukweli.

Na hiki ndicho kinachonitoa usingizi. Damu ni ile ile. Mwezi wa tatu, kwa jina lako, walikupigia makofi ya kilo na kukuambia uende nyumbani. Mwezi wa saba, kwa jina langu, mtu ameniambia nisiendeshe gari na kuamsha hospitali nzima. Ile ile, dada, kutoka mkono ule ule.

Nitamwambia Daktari Ndegwa ukweli. Najiandaa. Wewe chukua simu. Hakuna aliyekufa, na nataka ibaki hivyo.

Lornah


Kitale
29 Agosti 2005

Dada,

Huu ni mwezi mzima. Hezekiah anasema unakula, unakwenda kanisani, na hutaki nizungumziwe mbele yako. Sawa. Nakuandikia hivyo hivyo.

Nilikwenda Parklands mwenyewe. Nilimwambia daktari kwamba damu ile si yangu, ni ya dada yangu, na macho yale ni ya dada yangu. Alivua miwani yake akaiweka mezani. Nilingoja anifokee. Alisema tu, "Basi haya majibu si ya mtu." Nikamwambia ni ya Caren, anaishi Woodley, anashona, naweza kumleta kwa teksi sasa hivi. Akasema hawezi kumtibu mtu kwa majibu yenye jina lingine, na kitanda kilishapewa mwingine, na kwamba ni lazima aandike hospitalini na kwa bima yale niliyomwambia. Hakuwa mbaya. Alinisindikiza mpaka mlangoni. Akaniambia nikuambie uende kliniki yako na kliniki ya macho ya serikali, na uwaonyeshe sukari yako ilivyo, kwa sababu hakuna mtu anayetibu asichokiona.

Kwa hiyo nimekuharibia. Nilitaka tuone ukweli, tukauona, na sasa mlango umefungwa.

Hezekiah ameniambia alikwenda kuuliza bei ya kulipa wenyewe, na aliporudi aliketi jikoni bila kuvua koti. Usimwulize, ameona haya.

Mambo ya kadi yasikuumize kichwa. Hayo ni madogo. Valarie anakusalimu.

Lornah


Woodley
28 Septemba 2005

Lornah mdogo wangu,

Salamu nyingi. Karatasi hizi ni saba kwa maneno ya karatasi mbili, na sina haja tena ya kusingizia kalamu. Jicho la kushoto limekwenda. La kulia naona katikati, pembeni kuna ukungu. Nimeandika kwa siku tatu, asubuhi tu, mwanga ukiwa mzuri.

Nilinyamaza kwa aibu, si kwa hasira. Nilipoona jina lako kwenye simu ile Jumamosi nilijua kuna msiba, nikaiweka chini ya mto, nikaikalia. Na kweli sikukosea sana. Barua yako ilipofika Hezekiah alinisomea. Alipofika kwenye sindano ishirini alisimama, akaniomba msamaha kwa kunisema. Huyo ndiye mume wangu. Nikamwambia aendelee kusoma. Kumi na tatu. Nilidhani amesoma tarehe.

Mpaka leo sijapoa. Kinachoniuma kushinda jicho ni Mzee Zedekiah. Sukari yake haikupanda ghafla, Lornah. Ilikuwa juu siku zote, mimi nikamfundisha kuifagia chini ya mkeka, na siku ya makofi nikapiga kwa nguvu kushinda wote. Nilikwenda kwake nikamwambia. Alikuwa anapaka kiatu rangi, kiatu cha mguu alionao. Akamaliza kwanza kukipaka. Akaniuliza, "Na wale wengine wa bench, umewaambia?"

Tukawaambia, yeye na mimi. Yeye kwa magongo yake, mimi nikimshika bega, nani alikuwa anamwongoza nani Mungu ndiye anajua. Nyumba kwa nyumba kwa wale tunaojua wanakoishi, na wengine langoni Jumanne yenyewe. Neno lilikuwa moja: safari hii hakuna kufagia.

Asubuhi ya kliniki nilikunywa chai yangu na mandazi mawili, na vidonge sikumeza maradufu. Niliketi mwanzo wa benchi, nikatoa kidole. Sista Syokau akatazama mashine, hakutangaza. Akaipangusa, akapima tena. Mashine imeandika herufi mbili tu, hakuna namba, ile inayoandika ikishindwa. Akasema, "Hii imekufa." Akaenda kuleta nyingine. Akampima mwenzangu, ishirini na mbili. Anayefuata, kumi na tisa. Anayefuata, herufi tena. Akaanza kutokwa jasho. "Nyinyi leo mmekula nini? Si mnajua ni fasting, hakuna kula? Mnataka kuniletea maneno na daktari?"

Mzee Zedekiah ndiye aliyemjibu. "Tumekula kama kawaida, Sista. Hii ndio sisi. Ile ingine tulikuwa tunakufanyia."

Sista Syokau alimtazama, akatazama ile suruali iliyokunjwa na kufungwa kwa pini, halafu akatutazama mmoja mmoja mpaka mwisho wa benchi. Akasema, "Na mimi nilikuwa napiga makofi." Akarudia, "Miaka yote napiga makofi." Akaketi, Lornah, pale pale benchini katikati yetu na mashine mapajani, mtu ambaye sijawahi kumwona amekaa. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia siku hiyo, nikashindwa.

Baadaye akaenda kumwita daktari. Yule kijana alikuja akisema ana dakika tano, akakaa mpaka saa tisa. Nimepewa insulini, najichoma tumboni, Hezekiah anageuza uso. Kile kipimo chako hawana, na hawajui lini. Lakini sasa tunavua viatu. Sista anapita na beseni na taa ya kurunzi, na namba anakuambia sikioni.

Kwa macho wamenipa tarehe ya kuchomwa miale ya leza, waokoe hili la kulia. Kwa jina lako nilipewa Jumatatu. Kwa jina langu nimepewa Januari. Kila asubuhi nikiamka nafumba la kushoto nione kama bado naona dirisha. Naogopa, mdogo wangu. Sikuwahi kukuambia neno hilo tangu tukiwa watoto, nimekuambia leo.

Sasa nikugeukie wewe, maana umenificha kama nilivyokuficha. Umeandika mambo ya kadi ni madogo. Barua ile ya Agosti niliishika kabla Hezekiah hajaifungua vizuri, nikapitisha kidole juu kutafuta zile herufi zako zilizoinuka. Hazipo. Nikapapasa ukurasa mzima. Nikamwuliza Hezekiah, karatasi hii ni ya namna gani? Akasema ni ya daftari la shule, ya mistari, imechanwa katikati.

Wamekufukuza, sivyo? Si kadi peke yake, ni kazi. Kwa ajili yangu. Na ukaniandikia Valarie anasalimu.

Sitakuambia pole, pole ni ndogo. Nakuambia funga nyumba ya Kitale uje. Woodley kuna chumba, na Valarie atapata shule, na mimi nahitaji mtu wa kushona mapindo, wewe ulikuwa unashona vizuri kabla hujaanza kuvaa viatu virefu. Daktari Ndegwa hatakuona tena bila kadi, najua, na saba yako hiyo isipoangaliwa itakuwa kama yangu.

Kliniki ni Jumanne ya kwanza ya Novemba. Nimemwambia Sista Syokau naleta mdogo wangu. Nafasi yako iko kati yangu na Mzee Zedekiah, ameshasogea. Uje na viatu vyepesi vya kuvua. Na asubuhi hiyo kunywa chai yako kama unavyokunywa siku zote, usijinyime kitu.

Hatupigi makofi tena.

Dada yako,
Caren